Bega la Kushoto

Rafiki yake alikuja tena asubuhi hiyo, na tena binti akamnong'oneza mama yake, "Mwambie nimelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani, wima kama ufagio ulioegemezwa ukutani, vyuma viwili vimefungwa kwenye uti wa mgongo wake, kidonda kinamwasha. Alisikia viatu vya rafiki vikigeuka mlangoni na kuondoka taratibu.

Aende zake. Si ndiye aliyeuona mgongo ule walipokuwa wakibadili nguo za michezo, akaapa kufyata mdomo, na kesho yake akaenda kutoboa siri kwa mwalimu? Mwalimu alimwambia ainame kama anayeokota kitu, akaona upande mmoja wa mgongo ulivyopanda juu ya mwenzake, akashika kichwa. Baada ya hapo ikawa hospitali, visu, na kugeuzwa kitandani kama mtoto mchanga.

"Uti haupindi kwa usiku mmoja," daktari alisema. "Angeletwa akiwa mdogo, pengine mkanda wa kunyooshea mgongo ungetosha. Tusingempasua."

Mama yake aliangua kilio. "Ningejuaje, daktari? Mtoto akishajua kujifungia bafuni, mama utamwona wapi?"

Binti alimhurumia mama yake hadi akasahau maumivu. Hasira yote aliielekeza kwa rafiki, na mama akamuunga mkono.

"Rafiki gani anauanika mwili wa mwenzake? Watu wana maneno, mwanangu. Ukishasemwa, umesemwa."

Mama alikuwa fundi cherehani, tena si fundi wa kubahatisha. Tepu aliivaa shingoni kama pambo tu. Mteja akiwa bado anavuka barabara, yeye alishajua nyonga ipi imezidi nyingine. Wateja walitania kwamba mama huyo akikutazama anajua hata ulilalia ubavu gani. Wanawe hawakuwahi kuvaa nguo ya dukani. "Hizo," alikuwa akisema, "zimeshonewa watoto wasio na mama." Binti aliyapenda sana maneno hayo.

Ila tangu atoke hospitali, nguo zake zilikuwa zimemgeuka. Alipolijaribu gauni alilolipenda kuliko yote, lilituna bega la kushoto kana kwamba limeficha ndimu. Alicheka. Mama hakucheka. Alimvua, akasema limechakaa, akalitia mkasi palepale likawa matambara.

Viatu vya rafiki havijapotea masikioni, mlango ukasukumwa. Aliingia mdogo wake wa mwisho, waliyemwita Kitinda, pengo mdomoni, amevaa sare mpya ya shule iliyoachwa wazi mgongoni.

"Dada, nifunge vifungo. Mama kaimaliza sasa hivi."

Binti alimfunga, kisha akapitisha viganja mabegani kulainisha kitambaa. Bega la kulia lilikuwa bega. La kushoto lilibonyea. Aliligusa tena. Ulaini huo aliujua. Alikuwa ameuvaa maisha yake yote.

"Mbona hapa pana godoro?"

"Mama anasema nguo nzuri zote zina godoro bega moja." Kitinda aligeuka kumtazama. "Zako hazikuwa nalo?"

"Zilikuwa nalo."

Chumba cha pili cherehani ilikuwa ikikimbia. Binti alivifungua vifungo vyote tena, akaiteremsha sare hadi kiunoni.

"Inama, mdogo wangu. Kama unaokota kitu."

Kitinda akainama. Upande wa kulia wa mgongo wake mdogo ukapanda juu ya mwenzake.

Binti alimvalisha upesi. "Kimbia ukamwite rafiki yangu, hajafika mbali. Mwambie nimeamka. Na mama asijue."