Mguu Sawa

Wanajeshi walishaizingira karakana ya useremala. Mlango mmoja, madirisha yana nondo. Pa kutokea hakuna. Mafundi wakapangwa ukutani, na fundi mmoja akasimama katikati yao.

Ndiye waliyemtafuta. Alikuwa sajenti wa mkoloni miaka mingi, kisha akatoroka na bunduki zao, akawa kiongozi wa waasi. Sasa alikuwa amenyoa ndevu, anaranda mbao mchana kama wenzake. Jioni, milango ikishafungwa, aliwafunza wenzake hao hao uaskari, vipande vya mbao vikiwa bunduki, mpaka wakaiva. Hata mmoja wao asingemtaja. Kwa hilo hakuwa na wasiwasi.

Aliuogopa mwili wake. Uaskari ulikuwa umemwingia mifupani, na siku ukimtoka mbele ya watu, ni kitanzi. Mkewe ndiye aliyeliona hilo mapema. Miezi mizima alimvizia, bafuni, mezani, hata usingizini, akimfokea amri za gwaride ghafla. Mwanzoni mume aliruka kila mara, chai ikamwagika, mke akacheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka.

"Ukiruka tena, baba watoto, nitabaki mjane," alimwambia. "Na mimi sitaki mume mwingine."

Akajifunza kulegea.

Kapteni hakuwa na picha. Kibaraka wake alimwambia tu kwamba sajenti yumo humo. Akauliza ni yupi. Akapita mbele yao polepole, akiwatazama miguu, halafu akawapa mgongo kama mtu aliyekata tamaa.

Sajenti akaujua mtego. Akashusha mabega, akaachia tumbo, akapeleka mawazo nyumbani kwa mkewe.

"Mguu sawa!"

Hakutikisika hata ukope. Alisimama ovyo, goti limepinda, kama mtu anayengoja chakula. Furaha ikampanda hadi kooni: ameshinda, leo atalala kwake.

Ndipo akausikia mshindo. Kulia kwake na kushoto kwake, visigino vyote viligongana kwa pamoja, vifua mbele, mikono ubavuni, safu nzima ya mafundi imenyooka wima.

Kapteni akageuka. Aliutazama mstari ule kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho, kisha akamwendea mtu mmoja tu.