Kinu cha Bi Mwanamvua

Kikundi cha Historia ya Mtaa kilipewa chumba kimoja nyuma ya soko, na kitu cha kwanza kupokelewa kilikuwa kinu cha Bi Mwanamvua. Mwenyekiti, Mwalimu Kombo, alikipima, akakiweka juu ya meza na kukifungia kadi: "Kinu cha mninga. Usiguse."

Siku ya tatu Bi Mwanamvua alirudi, ameongozana na jirani yake Tausi, aliyekuwa anamwoza binti yake Jumamosi.

"Tumekuja kuazima kinu," alisema.

"Bi mkubwa, hiki sasa ni cha historia," alijibu Mwalimu. "Kikipasuka, tutaonyesha nini?"

"Na kikikaa hapo, mtaeleza nini? Hakuna harusi ya mtaa huu ambayo viungo vyake havikutwangwa humo. Hata yako, Mwalimu. Marehemu mama yako alikuja kukichukua mvua inanyesha, amejifunika gunia."

Hilo la gunia Mwalimu hakuwahi kuambiwa. Alishika upande mmoja wa kinu, Tausi akashika wa pili, wakakitoa nje, kadi ikining'inia.

Jumapili asubuhi Mwalimu alikikuta mlangoni pa chumba. Kadi ilikuwa imelowa mafuta. Ndani, kwa kuwa mtaani hapo chombo cha watu hakirudishwi kitupu, mlikuwa na konzi ya mchele.

Mwalimu alitoa kitambaa akisafishe kinu, kisha akakirudisha kitambaa mfukoni. Aliigeuza ile kadi, akaanza kuandika nyuma yake: "Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alijifunika gunia."