Vidole vya Sekiete

Sekiete, askari wa zimamoto, alichaguliwa kuanza shahada ya kwanza akiwa amekwishaota mvi. Siku ya usajili chuoni alibonyeza kidole gumba kwenye mashine ya alama za vidole. Ikakataa. Akajaribu vidole vyote, ikakataa vyote.

“Bila alama siwezi kukusajili, afande,” alisema binti wa usajili. “Vidole vimekuwaje?”

“Viliungua. Nilikuwa navuta mlango wa chuma, bweni la shule likiwaka moto.”

Binti akashusha sauti. “Lile la wasichana? Mlango ulifunguka?”

Nyuma ya Sekiete wasichana waliokuja kuanza chuo walikuwa wakicheka kwenye foleni. Akageuka, akawatazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, kama anayemtafuta msichana wa bweni lile.