Mashine ya Kuchongea Milango Midogo

Badi aliijaribu mashine ya tatu. Ilikuwa ndogo kama tochi, na ncha yake ya chuma ilizunguka ikivuma kama nyigu.

"Hii ndiyo aliyonunua Shali?"

Mwenye duka alitabasamu. Mji mzima ulikuwa umekiona kijumba cha mbao alichotengeneza Shali, kidogo cha kuenea kwenye sinia, na mlango wake uliochongwa maua madogo kuliko punje za ulezi. Hata mke wa Badi aliugusa mlango ule kwa ncha ya kidole, akasema, "Mashallah." Vijumba vya mumewe, miaka kumi na miwili, alivigusa kwa kitambaa cha kufutia vumbi tu.

"Basi nipe yenye kasi kuliko yake."

"Shali hana mashine, Bwana Badi. Kwangu alinunua spoku moja ya baiskeli. Akainoa kwenye jiwe, basi."

Badi akanunua ile iliyovuma kwa nguvu zaidi, akaifunga nyuma ya baiskeli yake. Njia nzima, kila alipoinamisha macho, spoku zote thelathini na sita za gurudumu la mbele zilimmulika usoni.