Jeti Iliyozunguka Kariakoo

"Tulikuona, mwanangu!" Mama yake Bakili alikuwa bado ameshika kanga aliyoipunga jeti ilipopita. "Umetuzungukia Kariakoo nzima kutusalimia!"

Majirani waliojaa uani wakapiga vigelegele.

Bakili aliinamia kikombe chake cha kahawa. Hii ilikuwa wiki yake ya kwanza kurusha jeti. Waongoza ndege walimwambia apunguze mwendo, mbele yake kuna ndege ndogo inatua. Aliitikia upesi, kisha akachelewa kupunguza, kama vile bado yuko kwenye zile ndege za pangaboi alizozoea, zinazopungua mwendo haraka. Jeti ikazidi kuikaribia ile ndogo, mpaka wakamwamuru aache kutua, apande tena, azunguke.

Kapteni wake, aliyekuwa naye angani, alikuwa ameketi naye mkekani.

"Ahsante, baba, kwa kumruhusu," mama akamwambia.

Kapteni alimgeukia Bakili, akamsubiri aeleze mwenyewe.

Pindo la kanga lilikuwa limechanika. Mama alikuwa ameipunga mpaka ikanasa kwenye bati la paa.

"Nilikuona, mama," Bakili akasema. "Hata hiyo kanga niliiona."

Kapteni akaweka kikombe chini, kahawa hajaigusa, akaanza kutafuta viatu vyake.