Mwandiko wa Pambizoni

Kwa mara ya tatu mwalimu aliisukuma karatasi irudi kwa mwenyekiti. Kalamu hakuigusa.

"Siwezi kukana nilichokiona kwa macho yangu," alisema. "Mkitaka kunifukuza chuoni, nifukuzeni. Msinifanye mwongo kwanza."

Wazee watano wa chuo cha dini walikaa upande mmoja wa meza, yeye peke yake upande wa pili. Wa sita upande wa wazee alikuwa mama yake mzazi, na hilo ndilo lililomuuma. Mama ndiye aliyeipiga chapa kwa mashine Biblia yao yote ilipotafsiriwa, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Sasa wamemleta kuwa shahidi wao.

Hawakuwa wamesemezana mwezi mzima. Mara ya mwisho walikuwa jikoni. "Huo mstari uache ulivyo," mama alisema. Binti akajibu kwamba haachi, hata aje malaika kumwomba. Mama akafunika sufuria, akasema, "Kwani wewe umezika nani?"

Huyo mama alikuwa kituko cha ukoo. Amepiga chapa Biblia nzima, lakini kwa mkono haandiki: orodha ya sokoni mpaka mashine, barua za shule mpaka mashine, na fomu za hospitali anaweka dole gumba, eti mkono unatetemeka. Mkono huohuo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ndugu walimcheka mpaka wakachoka.

Na kosa la binti? Mstari mmoja tu. Kazi yake kwa miaka kumi na minne ilikuwa kulinganisha nakala za kale za Maandiko: unaweka hii kando ya ile, unatazama nani kaongeza, nani karuka. Ndipo alipogundua kwamba mstari unaopendwa kuliko yote katika tafsiri yao haumo kwenye nakala yoyote ya kale. Katafuta kote, haumo.

"Nitawaamsha mmoja mmoja kwa jina, na wadogo kwanza." Nani asiyeujua? Husomwa kwenye mazishi ya kila mtoto. Umechongwa makaburini. Halafu anakuja mtu na miwani yake anasema Mungu hakuutamka. Wazee walipandwa na hasira, na tusiwaonee, wawili wao walikuwa wamezika watoto.

Yeye naye alikaza kamba. Alikwenda kufukua stoo ya kiwanda cha uchapaji, akala vumbi siku tisa, akaupata muswada wenyewe. Sasa aliufungua mezani. Ukurasa ulikuwa umepigwa mashine, safi kabisa, ila pambizoni palikuwa na mstari ule, kwa penseli. Chini yake palikuwa na neno moja fupi lililofutwa kwa raba, halisomeki tena.

"Watafsiri walikuwa na desturi yao," alisema. "Sahihisho waliliandika pambizoni kwa penseli, na mpanga herufi kiwandani akaliingiza ndani. Huu nao aliudhani sahihisho."

"Basi ni sahihisho," mwenyekiti alisema. "Umejijibu mwenyewe, Mwalimu."

"Watafsiri walikuwa wanne. Nimesoma barua zao wote. Hakuna anayeandika hivi. Tazama hiyo z, imekatwa kwa kistari katikati. Na hizi m zinaanza na kitanzi."

"Ni mwandiko wa nani, basi?"

"Bado sijui."

Mwenyekiti aliegemea kiti chake kama mtu aliyeshiba. "Unataka kuwanyang'anya watu faraja yao, na mwandishi mwenyewe humjui."

"Sinyang'anyi mtu kitu. Wausome mpaka sauti ziwakauke. Ila mkiniuliza umetoka wapi, nitasema umetoka pambizoni, kwa penseli. Leo nitasema hivyo, na kesho mkinikuta barabarani nimebeba maboksi yangu, nitasema hivyohivyo."

Mwenyekiti alimwashiria katibu. Katibu akaweka mbele ya mama tamko lililokwisha kupigwa chapa: kwamba yeye, mtu pekee aliyebaki hai kati ya walioushika muswada ule, anashuhudia kuwa hakuna neno lililoongezwa nje ya kazi ya watafsiri. Kando ya tamko akaweka pedi ya wino, maana wote walijua desturi ya yule mama.

"Dole tu, Mama yetu," mwenyekiti alisema kwa upole. "Tumalize jambo hili."

Mama alilisoma tamko lote, tangu juu hadi chini, kisha akalisoma tena. Binti yake hakuinamisha uso.

"Weka, Mama," alisema. "Sitakuchukia. Ila nami sitanyamaza."

Mama aliisogeza pedi ya wino mpaka ikamfikia mwenyekiti tumboni.

"Nipeni penseli," alisema.

Katibu alimpa yake. Mama akaligeuza tamko upande usio na maandishi, akaandika mstari mmoja, taratibu, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Alipofika mwisho akarudi nyuma kuikata z kwa kistari. Chini yake akaandika neno moja fupi, jina la mtoto aliyemzika, ambalo nyumbani kwao halikuwahi kutajwa tangu mwalimu azaliwe.

Akaipitisha karatasi mbele ya wazee wote watano bila kuwatazama, mpaka kwa binti yake.

"Linganisha," alisema.