Kokoto Ndani ya Pampu

Jovina alisema "Shikamoo, mzee" mara tatu, na mara tatu yule fundi akaendelea kupanga spana zake juu ya turubai, mgongo kawapa watu. Salamu ya nne Jovina aliimeza.

Kisha meneja Gaudence akatokea upande wa mbele, mkono kaunyoosha tangu mbali. "Shikamoo, fundi Pancras!"

"Marahaba, meneja! Marahaba sana!" fundi akajibu kwa sauti ya mnadani, akimtazama meneja usoni kama mtoto anayesubiri pipi.

Basi, kumbe ulimi anao. Ila ni ulimi wa kulamba wakubwa, na kiwanda kizima kilikuwa kimeshamjua kabla hajashika hata bolti moja. Wiki nzima iliyopita alipigiwa simu mara sita, hakupokea hata moja. Alituma ujumbe wa maneno matatu tu: Nitafika Jumatano asubuhi. Nyantakara watu wameona mafundi wengi kutoka Mwanza, lakini mwenye kiburi cha namna hii hawakuwahi kumwona.

Pampu aliyoitiwa ilikuwa ya zimamoto, ya dizeli, imefungiwa ndani ya kabati la chuma lililotandikwa sponji ili kelele zake zisisumbue watu. Kiwanda cha kuchambua pamba hakiwezi kufungua msimu bila pampu kama hiyo, maana pamba ikishika moto haimngoji mtu amalize sala. Siku ilipoletwa, Gaudence alijigamba kwamba unaweza kulala juu yake usiamke. Lakini sasa, kila Jovina alipoiwasha na kufungulia maji, ilisaga kama imejazwa kokoto.

Jovina ndiye mhudumu wake, na watoto wake wanne wanakula kwa kazi hiyo.

"Fundi akiandika kwamba ni uzembe wako," Gaudence alikuwa amemwambia asubuhi hiyo, "unaondoka leo leo. Sitaki kukuona hata getini."

Meneja aliporudi ofisini, Jovina akasogea nyuma ya fundi, aliyekuwa amechuchumaa kwenye mlango wa kabati. Alikuwa na neno moja la kusema, na hakutaka lifike ofisini.

"Mzee," alisema, "kelele zilianza mfuniko wa tangi ulipotolewa. Meneja ndiye aliyeutoa, apitishe mpira wa kunyweshea ng'ombe wake."

Fundi akachukua spana namba kumi na saba, akaipuliza vumbi.

"Mzee, unanisikia? Nitafukuzwa kazi mimi."

Akaipuliza tena.

Ndassa, Msukuma aliyehudumia mashine kubwa ya kuchambua pamba, alicheka puani. "Mayu, mama yangu, unahubiria ukuta. Huyo ameshanyweshwa chai ofisini. Sisi kwake ni vumbi tu."

"Washa!" fundi akapaza sauti, bila kumwangalia mtu.

Jovina akawasha, akafungulia maji. Mlango wa kabati ukiwa wazi, mngurumo ule ulitaka kung'oa meno; watu wote wakaziba masikio. Fundi yeye akaingiza kichwa chote ndani, kama mteja kwenye dirisha la duka. Akaweka kiganja juu ya injini. Akakihamishia kwenye pampu, akafumba macho. Kisha akaliinamia bomba linalotoka tangini na kulibandika paji la uso.

"Tazameni," Ndassa alipiga kelele kuushinda mngurumo. "Pampu anaisalimia, sisi tumemshinda!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na kwa nini wasicheke? Mtu kaitwa kuchunguza kelele, anapapasa kama mnunuzi wa mbuzi. Ndiyo wataalamu wetu hao: safari analipwa, chakula analipwa, na salamu anawabania waliomfungulia geti.

Jovina hakucheka. Alizima injini, na katika ukimya ule akasema, hatua mbili tu nyuma ya kisogo cha mzee, maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu mzima: "Mjinga wewe. Mungu akulipe kwa watoto wangu."

Fundi hata bega halikumtikisika. Akafunga koki ya bomba, akafungua bolti za chujio moja baada ya nyingine, akaingiza mkono na kuvuta. Likatoka bonge la pamba iliyolowa, kubwa kama kichwa cha ndama. Akainua macho kwenye tangi lililo wazi, akaufuata kwa macho mpira uliotoka humo hadi kwenye hori la ng'ombe. Alilibeba hivyo hivyo likichuruzika hadi mlangoni kwa meneja, akalibwaga mbele ya viatu vyake vilivyong'arishwa.

Kisha akaandika ripoti, akaisoma pale pale kwa sauti yake ile ile ya mnadani. "Pampu haina ubovu. Ilikuwa inakosa maji. Pamba ya upepo imeingia tangini kwa sababu tangi limeachwa wazi. Mpira wa ng'ombe utolewe leo, mfuniko urudishwe. Mhudumu hana kosa."

Fundi akagonga muhuri.

Jovina alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi. Lakini moyo bado ulikuwa na uchungu. Haki ni tamu, ila si kutoka mkononi mwa mtu aliyekuona huna thamani ya neno moja. Akageuka aende zake bila kuaga.

Fundi Pancras akamwahi, akamshika kiwiko taratibu, akamzungusha mpaka wakatazamana.

"Usiende, mwanangu," alisema. "Nimerudisha chujio. Washa tena, fungulia maji, halafu simama hapa mbele yangu uniambie kama kelele zimeisha. Mimi sijasikia injini wala sauti ya mtu tangu tulipokuwa tunawasukumia maji wakimbizi kule kambini Lukole."